Msiongeze Bajeti, Someni Meseji

Muulize mtu yeyote anayeuza nguo, viatu, mikoba au vyombo kwa simu, awe Kariakoo au Eastleigh, kwa nini tangazo lake la kulipia halikumletea wateja. Atakwambia algoridhimu imebana, au bajeti ilikuwa ndogo, au picha haikuvutia, au walengwa walichaguliwa vibaya. Majibu haya yamerudiwa na walimu wa kozi za mtandaoni, na vijana wanaolipwa kuendesha kurasa za watu, na wafanyabiashara wenyewe, hadi yamepata hadhi ya elimu. Dawa zake nazo zinajulikana: ongeza hela, badilisha picha, badilisha umri na mikoa ya walengwa, na ikishindikana mfukuze huyu anayekuendeshea matangazo umtafute mwingine.

Naupinga uchunguzi huo tangu mzizi wake. Tangazo lisilouza, mara nyingi kabisa, limefanya kazi yake sawasawa. Limemtafuta mtu, limemwonyesha bidhaa, limemfanya asimame, aandike meseji. Aliyeshindwa ni muuzaji, na ameshindwa baada ya meseji kuingia, mahali ambapo wataalamu wa matangazo hawaangalii kwa sababu hawalipwi kupaangalia. Kila shilingi inayoongezwa kabla ya kupakagua mahali hapo inaleta watu wengi zaidi waje kukosa huduma ile ile.

Tuanze na mashine yenyewe, maana inasingiziwa mengi. Facebook na Instagram, zote mali ya Meta, huuza nafasi za matangazo kwa mnada unaofanyika kila mara inapotokea nafasi ya kumwonyesha mtu tangazo. Mshindi si lazima awe mwenye dau kubwa. Meta hupima kwa pamoja dau, makadirio ya uwezekano kwamba mtu huyu atafanya kile ulichokiomba, na ubora wa tangazo lenyewe. Kipimo cha pili ndicho kinachosahauliwa. Unapoanzisha tangazo unachagua lengo: watu wengi walione, walaiki na kukomenti, wabonyeze kiungo, waandike meseji, au wanunue. Ukiomba laiki, mashine itawatafuta watu wenye mazoea ya kulaiki, na watu hao ni wengi, wapo karibu, na huenda wengi wao hawajawahi kununua kitu kwa simu. Aliyebonyeza kitufe cha kubusti chini ya picha yake, akakubali lengo alilopendekezewa, akaishia na laiki 400 na wateja wawili, hajaonewa. Ametiiwa.

Nitaambiwa kwamba hapo nimekiri kosa ni la tangazo: angechagua lengo la meseji, mambo yangenyooka. Sawa, achague. Lakini lengo la meseji nalo lina mwisho wake. Kwenye nchi ambako watu hununua kwa tovuti na kulipa kwa kadi, muuzaji huweka pikseli, yaani kipande cha msimbo cha kufuatilia wageni, kwenye tovuti yake, na mashine huona nani kanunua, ikajifunza kumtafuta anayefanana naye. Sehemu kubwa ya biashara yetu ndogo haiendi hivyo. Inaanza Instagram, inahamia WhatsApp, inaishia kwenye M-Pesa au fedha taslimu mkononi mwa dereva wa bodaboda. Mashine inaona mazungumzo yamefunguliwa, basi. Isipokuwa mwenye duka afanye kazi ya ziada ya kuipelekea taarifa za mauzo, haijui kama mteja alijibiwa, kama bidhaa ilikuwepo, kama alilipa. Tangazo ni mpiga debe wa stendi: akishalijaza basi, mengine ni ya dereva na kondakta. Ukimlaumu yeye kwamba abiria hawakufika Morogoro, umekosea mtu wa kumlaumu.

Sasa hesabu. Namba hizi nimezitunga ili ziwe rahisi kufuata, na msomaji aweke zake mahali pake. Dada mmoja anauza viatu vya kike kwa shilingi 45,000. Kiatu kimoja kinamgharimu 30,000 hadi kifike dukani, na boda wa kukipeleka kwa mteja anamlipa yeye, 3,000. Faida ni 12,000. Anatumia shilingi 200,000 kwenye tangazo linaloelekeza watu WhatsApp, anapata meseji 160, yaani kila meseji imemgharimu 1,250. Katika watu hao 160 wananunua 8. Kumpata mteja mmoja kumemgharimu 25,000, zaidi ya mara mbili ya faida anayoipata kwake. Ukijumlisha yote, amepoteza 104,000.

Anaitwa mtaalamu. Anabadilisha picha, analenga upya, anahangaika hadi gharama ya meseji inashuka kwa nusu, 625. Ni mafanikio makubwa, wachache wanayafikia. Kwa zile zile 200,000 zinaingia meseji 320, na tukichukulia kwamba wanunuzi ni kwa uwiano ule ule, wananunua watu 16. Kila mteja anagharimu 12,500. Dada bado anauza kila kiatu kwa hasara ya shilingi 500. Na hapo nimempendelea mtaalamu, maana nimechukulia uwiano haubadiliki, wakati dada huyo huyo mwenye simu moja na mikono miwili sasa ana meseji mara mbili za kujibu.

Turudi nyuma, tuliache tangazo lilivyokuwa. Meseji ni 160, kila moja kwa 1,250 ile ile. Kinachobadilika ni idadi ya wanaonunua, kutoka 8 hadi 24. Mteja sasa anagharimu shilingi 8,333 na ushei. Faida ya viatu 24 ni 288,000. Ukitoa hela ya tangazo zinabaki 88,000 mkononi. Tangazo lile lile lililohukumiwa kuwa bovu limeanza kulipa bila kuguswa.

Najua pingamizi linalofuata: kupunguza gharama kwa nusu na kuongeza wanunuzi mara tatu si vitu vya uzito mmoja, nimejichagulia namba zinazonifaa. Pingamizi lina haki ya kujibiwa. Wanunuzi 24 katika 160 ni watu watatu katika kila ishirini. Wote ishirini wamesimamisha walichokuwa wakifanya, wakafungua WhatsApp, wakamwandikia mtu wasiyemjua kuhusu kiatu. Hawakulazimishwa. Je, kumuuzia mmoja tu kati yao ndiyo hali ya kawaida ya soko, au kuna kitu kinawafukuza wengine? Jibu limo ndani ya simu ya duka, na linaweza kusomwa leo jioni bila kumlipa mtu senti.

Kazi ninayoipendekeza haina ufundi. Fungua mazungumzo 50 ya mwisho yaliyotokana na tangazo, uyasome yote kuanzia meseji ya kwanza, pamoja na yale ya aibu. Kwa kila moja andika daftarini sababu iliyofanya mtu asinunue, kadiri inavyoonekana. Usianze na nadharia, anza kuandika tu. Ukifika la ishirini utaanza kuona jambo moja linajirudia.

Mara nyingi jambo hilo ni muda. Mteja ameandika saa mbili usiku, akiwa ametoka kazini, amekula, ameshika simu: "Habari dada, namba 39 ipo?" Jibu limekuja kesho yake saa nne asubuhi: "Karibu mpenzi." Swali halijajibiwa. Mteja anarudia, anajibiwa mchana: "Ipo 37 na 41." Mazungumzo yameishia hapo. Tangazo lilikuwa likionyeshwa usiku kucha kwa hela, lakini duka lilikuwa limelala. Mwaka 2011 jarida la Harvard Business Review lilichapisha utafiti wa James Oldroyd na wenzake, uliopima kampuni 2,241 za Marekani zinachukua muda gani kumjibu mtu aliyeulizia huduma yao mtandaoni. Zilizojibu ndani ya saa moja zilikuwa asilimia 37, na asilimia 23 hazikujibu kabisa. Watafiti hao walionyesha pia kwamba kampuni zilizomtafuta mteja ndani ya saa moja zilikuwa na nafasi karibu mara saba ya kufika naye kwenye mazungumzo ya maana kuliko zilizochelewa hata saa moja zaidi. Hizo ni kampuni zenye idara za mauzo na watu wa kulipwa mshahara. Duka letu la simu moja lisijione limesalimika. Na jibu la kujituma lenyewe, lile la "Asante kwa kuwasiliana nasi, tutakuhudumia punde", lisihesabiwe kuwa jibu. Aliyeuliza namba 39 anataka kujua kama namba 39 ipo.

Jambo jingine litakalojitokeza ni bidhaa yenyewe. Tangazo linaonyesha kiatu chekundu, na chekundu kiliisha siku ya pili. Anayejibu meseji hana orodha ya stoo; inabidi ampigie mwenzake aliye godauni, mwenzake hapokei, mteja anangoja. Kila anayeuliza chekundu anaonyeshwa cheusi. Hapa hakuna picha mpya itakayosaidia, wala walengwa wapya. Kinachotakiwa ni mtu mmoja aamke asubuhi, ahesabu viatu, na azime tangazo la kile kilichoisha.

Halafu kuna mahali. Tangazo limewekwa "Tanzania", duka lipo Dar es Salaam, na anayeuliza yupo Sumbawanga. "Mikoani mnatuma?" "Tunatuma, mpenzi." "Nauli ya mzigo bei gani, na nikilipa nina uhakika gani?" Kimya. Muuzaji hana bei ya kutuma kwa basi iliyoandikwa mahali, hana picha ya risiti ya mizigo iliyotangulia, hana la kusema juu ya uhakika. Ningependa tukae hapa kidogo, maana hofu ya kutapeliwa ndiyo ukuta mkubwa kuliko kuta zote katika biashara hii, na hakuna tangazo linaloubomoa. Mnunuzi wetu anaombwa atume fedha kwanza kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Anapoingiza namba kwenye simu, kabla hajathibitisha malipo, jina la mwenye namba linajitokeza. Ukurasa una jina la duka lenye maringo, lakini kwenye simu linatokea jina la mwanamume asiyetajwa popote kwenye ukurasa huo. Mnunuzi anasita, anaghairi muamala, haandiki tena. Muuzaji anasema "wateja wa mtandaoni si wanunuzi". Akaunti ya Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, au Till kwa walioko Kenya, ingekwisha kuondoa kikwazo hicho, na huo ni usajili wa mara moja. Anayeweza kuruhusu mteja wa mjini alipe akishapokea mzigo na kuupima, aruhusu. Asiyeweza, aeleze waziwazi kwa nini, na aonyeshe duka lilipo.

Nafika kwenye "bei inboksi", desturi iliyoshika mizizi kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi. Wanaoitetea wana hoja tatu: washindani wataiga bei, mteja akiandika anaweza kubembelezwa, na meseji nyingi huufanya ukurasa uonekane hai. Hoja ya kwanza haisimami, kwa kuwa mshindani anaweza kujifanya mteja na kuuliza bei kama mtu mwingine yeyote, na matangazo yako yote yanayoendelea anaweza kuyatazama kwenye Maktaba ya Matangazo ya Meta, iliyo wazi kwa umma. Hoja ya pili inapuuza gharama. Katika mfano wetu kila anayekuja kuuliza bei tu amelipiwa 1,250, na wengi wakishasikia 45,000 wanaondoka, kwa kuwa walikuwa wamejiandaa kutoa 20,000. Mtu huyo angeiona bei kwenye picha angepita bila kukugharimu meseji wala muda wa kumjibu. Hoja ya tatu inafurahisha macho tu. Uhai wa ukurasa haulipi kodi ya fremu.

Na hapa ndipo uchunguzi uliozoeleka unapogeuka kuwa hatari, si makosa tu. Weka bei kwenye tangazo, na gharama ya kila meseji itapanda, kwa sababu wasio na uwezo au nia hawatabonyeza. Anayesoma namba za matangazo peke yake ataona nyekundu. Atasema tangazo limeharibika, ataiondoa bei, ataongeza hela. Wakati huo huo daftari la mauzo lingemwonyesha kwamba waliobaki wananunua, na kwamba yeye mwenyewe ana muda wa kuwajibu. Kipimo kilichochaguliwa kwa urahisi wa kukipata kimemfanya aiondoe dawa yenyewe.

Tabia ya kurekebisha kila siku nayo ina madhara yake yanayojulikana, kwa maelezo ya Meta yenyewe. Kundi la tangazo linapoanza huingia katika kipindi cha kujifunza, na kwa kawaida hutulia likishapata takriban matukio 50 ya lile lengo lililochaguliwa ndani ya siku 7 baada ya badiliko kubwa la mwisho. Badiliko kubwa, kama vile picha mpya au walengwa wapya, huweza kulirudisha mwanzo. Mwenye wasiwasi anayebadilisha kitu kila asubuhi, kwa hiyo, anaiweka mashine darasa la kwanza wiki baada ya wiki, kisha anailaumu kwa kutojua kusoma.

Walimu wa kozi huichukua ile 50 na kuifanya fimbo ya kudai bajeti: "huwezi kutoka kwenye kujifunza kwa hela ndogo." Fanya hesabu. Kwa dada wa viatu, meseji 50 ni shilingi 62,500 kwa wiki, chini ya 9,000 kwa siku. Angetaka mashine ijifunze kwa manunuzi, ambayo kwa bei yake mbovu ya sasa ni 25,000 kila moja, angehitaji 1,250,000 kwa wiki. Pengo kati ya namba hizo mbili linaonyesha mambo mawili ambayo kozi hazisemi. Kwanza, mwenye hela kidogo achague tukio la karibu, aweke kundi moja la tangazo badala ya matano, kisha aliache. Pili, kinachofanya manunuzi yawe ghali namna hiyo ni uwiano wa mmoja kwa ishirini, ambao umetengenezwa dukani. Akiurekebisha huo, hata ile njia ya gharama kubwa inakaribia mfuko wake.

Nisidai kwamba tangazo halina kosa kamwe. Lipo linalokataliwa na kukaa siku mbili bila mwenyewe kujua. Lipo linaloonyeshwa kwa watu wale wale hadi wamelichoka, na namba ya marudio itakwambia. Lipo linalompeleka mtu kwenye tovuti nzito, wakati yeye ana bando la WhatsApp pekee. Kuna meseji zinazoingia kwa kubonyezwa kwa bahati mbaya, ile sentensi iliyoandikwa tayari kisha kimya cha moja kwa moja, na zikiwa nyingi sana basi tangazo linamchanganya mtazamaji. Kutofautisha si kazi ngumu. Meseji haziingii: chunguza tangazo. Meseji zinaingia na mauzo hayapo: chunguza duka, uliache tangazo. Ajabu ni kwamba hali ya pili ndiyo inayolalamikiwa zaidi, na dawa zinazotolewa ni za hali ya kwanza.

Kuna hoja nzito zaidi ya wale ninaobishana nao, nayo inahusu nguvu zilizo nje ya muuzaji. Aprili 2021 Apple ilianza kuzilazimisha programu kwenye iPhone ziombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji, na Februari 2022 Meta ilikadiria kwamba mabadiliko hayo yangeigharimu takriban dola bilioni 10 kwa mwaka huo. Matangazo yaliyumba kweli, hilo halina ubishi. Lakini yaliyumba kwa nani? Kwa waliotegemea mashine ifuatilie manunuzi kwenye tovuti na programu, katika nchi ambako iPhone zimejaa. Afrika Mashariki simu nyingi ni za Android, na mauzo yetu yanafungwa ndani ya mazungumzo ambayo mashine haikuwahi kuyaona mwisho wake. Kisingizio hiki kimesafirishwa kutoka Marekani kikafika huku kikiwa kimeacha sababu yake nyuma.

Wapo pia wanaosema namba za Meta zenyewe haziaminiki, basi tutajuaje? Nakubaliana nao kuliko wanavyofikiri. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa ikikuza wastani wa muda ambao watu walitazama video, kwa sababu haikuwahesabu waliotazama chini ya sekunde 3. Kesi iliyotokana na jambo hilo iliishia kwa malipo ya dola milioni 40 mwaka 2019. Tena, kwa mpangilio wa kawaida, Meta hulipatia tangazo sifa ya manunuzi yaliyofanyika ndani ya siku 7 baada ya mtu kulibonyeza, au siku 1 baada ya kuliona tu. Mteja wako wa siku zote, aliyeliona tangazo akiwa tayari njiani kuja kununua, anahesabiwa kuwa ameletwa nalo. Haya yote yananisukuma upande mmoja: mwenye duka awe na daftari lake. Amuulize kila anayenunua ametujuaje, aandike. Azime tangazo kwa Mwanza wiki kadhaa huku akiliacha Dodoma, aone mauzo yanakwendaje. Namba za Meta zikiwa na shaka, kuongeza bajeti kwa kuzifuata ni jambo la mwisho kabisa mtu angepaswa kulifanya.

Kampuni kubwa zimejifunza hili kwa gharama. Mwaka 2012 eBay ilizima matangazo yake ya kulipia yaliyotokea watu walipotafuta jina la eBay kwenye baadhi ya injini za utafutaji, na Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis wakapima kilichotokea. Walichapisha matokeo katika jarida la Econometrica mwaka 2015. Karibu wageni wote waliokuwa wakija kwa kubonyeza tangazo waliendelea kuja kwa njia ya bure. Procter & Gamble ilikata zaidi ya dola milioni 100 za matangazo ya mtandaoni katika robo moja ya mwaka 2017 na ikasema haikuona athari ya maana kwenye mauzo. Hiyo ni P&G, yenye wachumi na wahasibu wa kila aina, iliyokuwa imelipa kwa muda mrefu kitu kisichouza bila kukigundua. Dada wa viatu hana ukubwa wa kumkinga, na hasara ya 104,000 kwake ni mtaji wa mzigo unaofuata.

Nataja fedha hizo kwa sababu mtazamo uliozoeleka, kwamba dawa ni kuongeza bajeti, una wanaoufaidi. Mwaka 2023 Meta ilipata mapato ya karibu dola bilioni 135, na takriban 132 kati ya hizo zilitokana na matangazo. Ujumbe unaotokea kwenye skrini yako kukushauri uongeze bajeti unatoka kwa muuzaji wa kile anachokushauri ununue. Wakala anayelipwa asilimia ya bajeti anapata zaidi bajeti ikikua, hata viatu vikibaki rafuni. Mwalimu wa kozi hawezi kuuza somo linalosema "jibu meseji mapema, andika bei, hesabu stoo", kwa kuwa halina siri ndani yake. Sihitaji kudhani kwamba wana nia mbaya. Inatosha kuona kwamba wote watatu hawana sababu ya kufungua simu ya duka na kusoma.

Ndiyo maana mkataba na anayekuendeshea matangazo unastahili kubadilika. Asikuletee ripoti ya waliofikiwa na waliobonyeza. Akuletee gharama ya mteja aliyelipa, na wewe umpe anachohitaji ili aijue, yaani daftari la mauzo na ruhusa ya kusoma mazungumzo. Malipo yake yafungwe kwa wateja waliolipa, sehemu yake kubwa au yote. Wengi watakataa, wakisema mauzo hayako mikononi mwao, na watakuwa wamesema ukweli ambao walipaswa kukuambia siku ya kwanza kabla hawajakuomba uongeze hela. Atakayekubali, mpe simu ya meseji akae nayo dukani wiki nzima, usiku pia, kabla hajakabidhiwa kadi ya kulipia tangazo.